Miaka 75 ya Redio ya Umma na Wanyama Wetu: Historia kwa Wasikilizaji wa Shinyanga na Geita, 1951–2026

Dibaji

Mwezi wa Julai mwaka 1951 ilianza kusikika Sauti ya Dar es Salaam, redio ndogo ambayo mawimbi yake hayakuwa na nguvu ya kwenda mbali na mji iliouchukulia jina. Na kwa kuwa Julai ya mwaka huu wa 2026 inatimiza miaka 75 tangu siku hizo, imetupasa sisi wasikilizaji wa Usukuma na wa ukanda wa dhahabu wa Geita, ambao redio hiyo ilitufikia kwa kuchelewa lakini ikakaa nasi kwa dawamu, kuiandika tarehe yake kwa upande ambao wataalamu wa utangazaji huupita upesi, nao ni huduma ya redio ya umma kwa wanyama tuwafugao, na nani aliyebeba gharama ya huduma hiyo.

Rai tunayokusudia kuithibitisha ni hii: katika kila zama msikilizaji amekuwa mmoja wa walipaji wa redio yake, mara kwa kodi, mara kwa betri, mara kwa saa alizoziacha kazi zake akakaa kitako kusikiliza, na kwa hiyo ombi la leo, la kuwataka wasikilizaji wachangie vipindi vya wanyama, ni desturi ya wazee iliyovaa nguo mpya, wala si bidaa.

Haja iliyotangulia redio

Mwenye kutaka kufahamu kwa nini watu wa Shinyanga hutega sikio wanyama wanapotajwa redioni, na atazame kwanza boma la Msukuma. Humo kuna ng'ombe wa mahari na wa kulimia, mbuzi wa kuuzwa siku ya shida, punda wa kubeba maji na mavuno, kuku wa mgeni, mbwa alindaye zizi usiku, na paka alindaye ghala. Na kila mmoja wao ana maradhi yake, na kila maradhi yana msimu wake. Sotoka ya miaka ya 1890 iliteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki kwa kiasi ambacho koo nyingi zilianza upya kuhesabu mali zao. Baada yake mbung'o akaenea katika mapori yaliyoachwa bila malisho, hata Serikali ya Kiingereza ikaweka Shinyanga makao ya utafiti wa mdudu huyo, chini ya C. F. M. Swynnerton, aliyeshughulika na kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1938.

Utafiti ule uliandikwa kwa Kiingereza na ukakaa katika makabati ya ofisi, ilhali mchungaji aliyeihitaji ilimu hiyo alikuwa nyuma ya kundi lake, maili nyingi kutoka kwa bwana mifugo wa wilaya. Kati ya kabati na kundi palikosekana mjumbe. Wakati huohuo migodi ilikuwa imekwisha kuleta mishahara: dhahabu ya Geita ilichimbwa kwa mtambo mkubwa kuanzia mwaka 1936, na almasi ya Mwadui ikagunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Mshahara wa mwezi ndio uliomwezesha mtu wa kawaida kuwaza kununua redio. Na redio ndiyo iliyokuja kuwa mjumbe aliyekosekana.

1951–1964: Kutoka mji mmoja hadi nchi nzima

Mwaka 1956 kazi ya utangazaji ilikabidhiwa shirika la umma lililoitwa Tanganyika Broadcasting Corporation, ambalo kwa muda liliongozwa na Tom Chalmers, mtangazaji aliyetoka BBC, na ambalo liliirithi sauti ya mji na kuifanya iwe ya nchi. Mfano uliofuatwa ulikuwa wa Uingereza: chombo kisichokuwa cha mfanyabiashara wala cha idara moja ya Serikali, chenye jukumu la kufundisha, kuhabarisha na kuburudisha. Kwa mwenye ng'ombe wa Kahama au Maswa, matunda ya shirika hilo yalikuwa Kiswahili kusikika redioni kila siku, na mawaidha ya kilimo na ufugaji kutolewa kwa lugha ambayo wengi waliifahamu. Kipindi cha Ukulima wa Kisasa, kilichoandaliwa pamoja na wizara yenye dhamana ya kilimo, kilijijengea jina lililodumu kuliko majina ya mawaziri wengi.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, redio zilikuwa bado akali, na nyumba iliyokuwa nayo ilikuwa baraza ya kijiji kizima. Mwenye redio ndiye aliyenunua betri, na waliomzunguka walilipa kwa njia zao, huyu kwa kuni, yule kwa maziwa, na mwingine kwa kumchungia ng'ombe siku ya zamu.

1965–1980: Zama za Redio Tanzania na vikundi vya kusikiliza

Mwaka 1965 shirika likavunjwa, utangazaji ukawekwa chini ya Serikali, na jina likawa Redio Tanzania Dar es Salaam. Miaka miwili baadaye likaja Azimio la Arusha, na redio ikapewa kazi ambayo haikupata kupewa kabla yake, nayo ni kuufundisha umma wa watu wazima, wengi wao wasiojua kusoma, bila ya kuwatoa vijijini mwao.

Kwa ushirikiano na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ziliendeshwa kampeni ambazo wazee wetu huzitaja kwa majina mpaka leo: Kupanga ni Kuchagua mwaka 1969, Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, Wakati wa Furaha mwaka 1971, Mtu ni Afya mwaka 1973, Chakula ni Uhai mwaka 1975, na Misitu ni Mali mwaka 1980. Mtu ni Afya peke yake ilikusanya watu wapatao 2,000,000 katika vikundi vipatavyo 75,000 nchini kote. Kikundi kilikuwa na redio moja, kitabu kimoja au viwili, na kiongozi aliyefundishwa. Kipindi kilipokwisha redio ilizimwa, kitabu kikasomwa kwa sauti, watu wakajadiliana, kisha wakaazimia jambo la kutenda kabla ya kukutana tena, iwe kuchimba choo, kufyeka nyasi au kufukia madimbwi.

Tunalikumbuka jambo hili kwa makini kwa sababu ndilo msingi wa yote yatakayosemwa hapa chini. Serikali ililipa mitambo na watangazaji. Lakini vikundi vile havikulipwa, na saa zao, betri zao na majembe yao vilikuwa sehemu kubwa ya gharama ambayo haikuandikwa katika hesabu yoyote. Aliyepata kukaa katika kikundi hicho anakumbuka betri zilizochoka zikianikwa juani juu ya bati tangu asubuhi, zikigeuzwa adhuhuri kama dagaa, ili jioni zipate nguvu ya nusu saa tu ya kusikiliza mafunzo.

1981–1992: Miaka ya uhaba

Baada ya vita vya Uganda vya 1978–1979 nchi iliingia katika dhiki ya fedha za kigeni. Betri ziliadimika madukani, vipuri vya mitambo vikachelewa, na redio nyingi zikakaa kimya juu ya makabati. Maarifa hayakupotea kwa ukimya huo. Mwaka 1982 wananchi wa pande za Kahama na Shinyanga, walipochoshwa na wizi wa ng'ombe, walianzisha ulinzi wa sungusungu, ambao baadaye ulienea katika mikoa mingi. Na mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioirudishia heshima ngitili, yaani desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho wakati wa masika ili ng'ombe wapate nyasi wakati wa kiangazi. Sungusungu na ngitili ni ushahidi kwamba watu wa huku hujua kuchanga nguvu, na hata mali, kwa ajili ya mnyama, maadam waone faida kwa macho yao na waamue wenyewe.

1993–2006: Redio nyingi, swali jipya

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa redio zisizokuwa za Serikali. Kutoka Ngara ilisikika Redio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 wakati wa wimbi la wakimbizi. Kutoka Mwanza ikaja Radio Free Africa. Na katika eneo letu wenyewe zikaota Redio Faraja ya Shinyanga na, kwa nyakati mbalimbali, vituo vya Kahama na Geita. Wachimbaji wa Nyarugusu, Rwamgasa na Katoro, ambao zamani walitegemea masafa ya mbali yenye mikwaruzo, wakapata sauti ya karibu inayotaja majina ya mitaa yao. Mgodi mkubwa wa Geita ulipofunguliwa upya mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka 2001, matangazo ya biashara nayo yakaongezeka.

Ndipo lilipozuka swali ambalo kizazi cha Mtu ni Afya hakikuwa nalo. Tangazo la biashara hulipia muziki na mpira kwa urahisi. Je, nani atalipia nusu saa ya kumweleza mama wa Kishapu kwa nini kuku wake hufa wote kwa juma moja? Jibu moja lilitoka mahali ambapo wengi hawakupatazamia. Radio Maria Tanzania, redio ya Kikatoliki iliyoanza Songea mwaka 1996, iliamua kuendeshwa bila ya matangazo ya biashara, kwa michango ya wasikilizaji na kazi ya watu wa kujitolea; na ilipoenea nchini, kanda ya Ziwa ikiwamo, ilithibitisha kwamba msikilizaji Mtanzania, tajiri kwa maskini, hutoa kwa hiari kwa redio anayoiona ni yake.

Ughaibuni jambo hili lilikwisha kujaribiwa. Mwaka 1949, mjini Berkeley, Marekani, kituo cha KPFA kilianza kwa nguvu za wasikilizaji waliolipa ada kwa hiari. Na kutokana na desturi hiyo redio za umma za nchi ile hutenga siku maalumu za mwaka kuomba michango hewani. Katika jimbo la Wisconsin redio ya umma ilikuwa na kipindi cha wanyama wa nyumbani, Calling All Pets, ambamo mtaalamu wa tabia za wanyama Patricia McConnell alijibu maswali ya watu kuhusu mbwa na paka wao. Na Bunge la Marekani lilipofuta mwaka 2025 dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengwa kwa utangazaji wa umma, vituo vingi viliwarudia wasikilizaji wao, kwa kuwa hao ndio mhimili uliosalia.

2007–2026: Shirika la Utangazaji Tanzania

Redio Tanzania, baada ya kupita katika Taasisi ya Utangazaji Tanzania, iliundwa upya mwaka 2007 kuwa Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, na idhaa yake ya taifa ikaitwa TBC Taifa. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha Sheria ya Ustawi wa Wanyama, iliyomtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye kuhisi maumivu. Na mwaka huohuo ilianza nchini huduma ya M-Pesa, ambayo ilimwezesha mtu wa Bukombe kutuma shilingi elfu moja bila ya kupanda basi. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa.

Katika miaka ya 2007–2010 shirika la Farm Radio International liliendesha utafiti katika nchi tano za Afrika, Tanzania ikiwamo, kwa kushirikiana na vituo 25 vya redio. Vijiji vilivyoshirikishwa katika kuchagua mada na kutunga vipindi vilitenda yaliyofundishwa zaidi ya vijiji vilivyosikiliza tu. Wazee wa vikundi vya mwaka 1973 wangelisikia matokeo hayo wangelitabasamu.

Uongozi

Tom Chalmers aliliongoza shirika katika miaka iliyoukaribia na kuupokea Uhuru, kazi ikiwa ni kujenga mitambo na kuwafunza watangazaji wazalendo. Katika zama za Redio Tanzania walishika ukurugenzi, miongoni mwa wengine, Paul Sozigwa na David Wakati, waliosimamia redio iliyokuwa darasa la taifa. Tido Mhando, aliyetoka Idhaa ya Kiswahili ya BBC, aliongoza mageuzi yaliyoizaa TBC. Pamoja nao wahesabiwe wasio na majina vitabuni: maafisa mifugo waliosafiri kutoa mahojiano, mafundi wa mitambo, na viongozi wa vikundi waliosoma kitabu kwa mwanga wa kandili.

Huduma: mambo matatu ambayo redio huyafanya vyema

La kwanza ni kichaa cha mbwa. Inakadiriwa kwamba maradhi haya huua Watanzania wapatao 1,500 kila mwaka, wengi wao watoto, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Maneno ya kuokoa maisha ni machache na yanaenea hewani vizuri: jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu mgonjwa apelekwe kituo cha afya kuchanjwa siku hiyohiyo, pasipo kungoja kuona kama mbwa atakufa. Na mbwa wachanjwe. Wakichanjwa 70 katika kila 100, maradhi hukosa njia ya kupita.

La pili ni mdondo wa kuku. Chanjo inayostahimili joto hutengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari, nayo hutiwa tone moja katika jicho la kila kuku, ikarudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kichupa kimoja hutosha kuku wa nyumba nyingi, na hapo ndipo ilipo kazi ya redio: kutangaza siku moja kwa kijiji kizima, ili kuku wa jirani wafungiwe bandani alfajiri moja, kichupa kifunguliwe, na dawa isiharibike.

La tatu ni punda. Biashara ya ngozi kwa ajili ya dawa ya Kichina iitwayo ejiao ilileta machinjio ya punda hata mjini Shinyanga, na bei ikapanda, na wizi ukafuata. Punda jike hubeba mimba kwa muda wa mwaka na kuzaa mtoto mmoja, kwa hiyo kundi likichinjwa haliwezi kujijaza upesi. Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Mwenye punda wa kubebea maji Ng'wang'halanga au mawe ya dhahabu Mgusu anastahili kuusikia uamuzi huo kwa lugha yake, pamoja na mafunzo ya kutibu vidonda vya mgongoni na ya kuwaweka wanyama mbali na mabwawa ya mialo, yaani mahali pa kuoshea dhahabu, na marudio, yaani mabaki ya uoshaji huo, yenye zebaki.

Jedwali la hatua kuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1951 | Sauti ya Dar es Salaam yaanza, Julai |
| 1956 | Tanganyika Broadcasting Corporation yaundwa |
| 1961 | Uhuru wa Tanganyika |
| 1965 | Redio Tanzania Dar es Salaam |
| 1969 | Kampeni ya kwanza ya vikundi vya kusikiliza |
| 1973 | Mtu ni Afya: watu wapatao 2,000,000 |
| 1982 | Sungusungu waanza Usukuma |
| 1986 | HASHI yaanza Shinyanga |
| 1993 | Sheria ya Huduma za Utangazaji |
| 1996 | Radio Maria yaanza Songea kwa michango ya wasikilizaji |
| 2007 | TBC yaundwa |
| 2008 | Sheria ya Ustawi wa Wanyama |
| 2012 | Mkoa wa Geita waanzishwa |
| 2024 | Umoja wa Afrika wazuia uchinjaji wa punda kwa ngozi |
| 2026 | Miaka 75 ya utangazaji wa umma |

Ombi kwa wasikilizaji

Ndugu msikilizaji, ruzuku ya Serikali na matangazo ya biashara huishikilia redio ya umma isianguke. Lakini kipindi cha wanyama, ambacho hakina mdhamini wa soda wala wa simu, huwa cha kwanza kupunguzwa muda na cha mwisho kurudishiwa. Kinachokihifadhi ni hesabu ya watu wanaokidai. Kwa hiyo tunaomba auni kwa njia nne, na kila mtu achague iliyo katika uwezo wake.

Njia ya kwanza ni swali: piga simu au andika ujumbe kwa kituo chako, ueleze mnyama wako ana nini, tangu lini, na anakula nini, maana mtayarishaji mwenye maswali 50 mezani ana hoja mbele ya mkuu wake wa vipindi, na asiyekuwa nayo hana. Ya pili ni kikundi: kijiji, mwalo, duka la dawa za mifugo na kikundi cha kuweka na kukopa wachague siku ya kusikiliza pamoja na jambo moja la kutenda. Ya tatu ni ujuzi: bwana mifugo na daktari wa wanyama watoe saa moja kwa mwezi studioni. Ya nne ni fedha, kwa kiasi chochote, zitolewe kwa njia rasmi ambayo kituo kimeitangaza hewani, zipewe stakabadhi, na kituo kiwasomee waliochanga mapato na matumizi. Kwani mchango usiosomewa hesabu huua mchango unaofuata.

Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Tunapendekeza vikundi vya Shinyanga, Kahama na Geita viianze kazi siku hiyo: viulize ofisi ya mifugo ya wilaya chanjo itakuwa wapi na saa ngapi, vikipe kituo cha redio habari hiyo mapema ili itangazwe juma zima kabla, na kila mwanakikundi aje na mbwa wake pamoja na wa jirani. Idadi ya mbwa watakaochanjwa isomwe hewani, kijiji kwa kijiji, ili wachangiaji wajue mchango wao umenunua nini, na ili mwandishi wa historia ya miaka 100 apate tarakimu za kuandika.